Milango Miwili ya Darasa la Tatu

Baba mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Mama ameniambia umekwenda Busale kwa dada yako, na kwamba Ijumaa hutakuja kwenye ufunguzi wa darasa ulilolijenga mwenyewe, eti kwa sababu mwalimu wake ni mimi. Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka siku ya kwanza ulipokuja kujitolea kutujengea? Mimi mgeni kutoka Tanga, nimeolewa hapa Ngonga hata mwezi haujaisha, nikaona heshima ni kumpelekea mkwe chai kazini. Nikakufuata na kikombe huku naita, "Baba, shikamoo!" Ukatimua mbio kwenye majaruba ya mpunga, kandambili yako moja ikabaki kwenye tope. Wanafunzi walicheka mpaka kipindi kikaisha. Jioni mama akaniambia, machozi ya kicheko yakimtoka, "Mwanangu, umemkimbiza mzee! Huku mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso."

Tangu hapo ukawa unakohoa mara mbili kabla ya kutokea, nami nazunguka nyuma ya ofisi ya walimu. Darasa la tatu lilisomea uwanjani, na mvua ya Kyela haina ratiba. Ikianza, watoto wanakumbatia madaftari na kukimbilia makwao. Shule za mjini zina madawati mpaka ya kurundika stoo. Sisi tulikuwa na wewe tu, na matofali waliyochoma wazazi. Hilo liliniudhi, na bado linaniudhi.

Ukuta ulipopita kimo cha kichwa, nikawa nafundisha upande huu, wewe unajenga upande wa pili. Siku nilipouliza saba mara nane na darasa zima likaanza kuhesabu vidole, sauti yako ikatoka nyuma ya ukuta, "Hamsini na sita!" Baba, nilifurahi siku ile, hujui tu!

Halafu akaja mkaguzi wa majengo, anataka kujua kwa nini mchoro una mlango mmoja na wewe umeweka miwili. Nilikusikia ukimjibu, "Mmoja wa mkamwana, mmoja wangu. Ukitaka kuuziba, umalizie mwenyewe huo ukuta." Alicheka, akaondoka.

Sasa tumeezeka. Mvua ya juzi imetukuta ndani, na watoto walishangilia hata sikusikika. Bado wanakaa sakafuni. Hayo madawati nitayadai mpaka wakubwa wa wilaya wanikimbie kama ulivyonikimbia wewe.

Ila Ijumaa usinikimbie. Mlango unaotazama majaruba ni wako. Kohoa mara mbili, nami nitatoka kwa mlango wangu. Kaa kwenye kiti changu, watoto wakuulize saba mara nane. Safari hii mimi ndiye nitakayekuwa nyuma ya ukuta, nakusikiliza.

Ndaga fijo, baba. Asante sana.

Mkamwana wako,
mwenye kandambili yako moja mpaka leo