Ua la Manjano Begani

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Hapa Mitwero hatujambo. Goti la babu yako limepona, sasa kutwa anagombana na kuku wangu. Picha uliyoichora kwa nta kwenye karatasi tumeibandika sebuleni.

Unalalamika kwamba nta ukishaiyeyusha haikusikii, inatiririka nje ya mchoro, na unataka kuacha. Ngoja nikwambie. Nilipokuwa msichana kule Tingi, nilitengeneza mapambo ya karatasi kwa harusi ya dada yangu. Nilichora maua kwa nta ya nyuki, nikapaka manjano ya kupikia, kisha nikapiga pasi ya mkaa ili nta iingie vizuri. Chini nilitandika kitambaa cheupe nilichokikuta kimekunjwa kapuni. Kumbe ilikuwa kanzu ya baba, ile ya Ijumaa. Nta na manjano vikapenya, ua zima likahamia begani.

Nilifua mpaka vidole vikachubuka, ua halikutoka. Nikampelekea baba huku nalia. Akaigeuzageuza ile kanzu, akaniuliza, "Na bega la pili mbona hujalimaliza?"

Basi nikalichora la pili polepole, pumzi nimeibana, nta isitoke nje hata kidogo. Baba akaivaa harusini. Kila aliyemsogelea alilisifu bega la kwanza.

Ile picha iliyokutiririkia usiitupe. Nitumie mimi, ukuta bado una nafasi.

Bibi yako anayekupenda