Kamba ya Tangi la Cheptiret

Mpendwa ndugu yangu Kiprop,

Juzi tulikuzika, na hata kabla kaburi halijajaa udongo walikuwa wamekucheka. Mfawidhi alishika kipaza sauti akasema, "Marehemu alikuwa fundi mzuri, bora tu usimpe kitu cha mviringo!" Hema zima likaangua kicheko. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, blanketi magotini, nikatabasamu. Nilitabasamu, Kiprop! Tangu siku hiyo hasira haijanitoka, na kwa kuwa daktari ameniambia muda wangu si mrefu, nitasema yote.

Wewe hukuwahi kushindwa na duara. Ulikuwa darasa la saba, kule Ainabkoi, uliponionyesha ndama aliyefungwa kwenye kigingi malishoni. Alikuwa amekula nyasi pande zote mpaka mwisho wa kamba. "Ona," ukasema, "kigingi ndicho kitovu, kamba ndiyo nusu kipenyo. Kipenyo chenyewe ni kamba mbili." Kesho yake ulimweleza mwalimu vivyo hivyo, akakuchapa kwa kuleta habari za ng'ombe kwenye hesabu. Mwaka huo ukaacha shule. Mimi niliyeelewa kwa ndama wako nikaendelea, nikawa mwalimu wa hesabu. Haki gani hiyo?

Kisha likaja tangi la maji la kanisa, pale Cheptiret. Kamati ilitaka tangi la mawe lenye kipenyo cha futi kumi na mbili. Nilikuandikia vipimo kwenye karatasi ya daftari, mbio mbio, huku nikisahihisha mitihani. Nikaandika: kamba, futi kumi na mbili. Ilipaswa kuwa sita. Asubuhi nilipopita, ulikuwa umeshika kamba kando ya kigingi.

"Mwalimu, hii kamba ni ndefu. Tunajenga tangi ama uwanja wa mpira?"

"Wewe fuata karatasi," nikakujibu. "Kati yetu nani alisoma?"

Vibarua wakacheka. Ukafuata karatasi.

Kipenyo kikawa mara mbili, mzingo nao mara mbili, lakini eneo la sakafu likawa mara nne. Saruji iliisha ikiwa imefunika robo tu. Jambo hilo nilikuwa nikilifundisha kila mwaka! Wazee wa kamati walipokuja wakali, ulitoa ile karatasi mfukoni ukanipa niwasomee, ukiniamini. Nikasoma kwa sauti, "Kamba, futi sita." Halafu nikaikunja, nikaitia mfukoni mwangu.

Uliniangalia. Kisha ukasema, "Basi ni mimi nimekosea, wazee."

Baada ya hapo hakuna aliyekupa kazi ya maana. Ulimaliza maisha ukijenga vibanda vya kuku, na mimi nikiitwa Mwalimu mpaka sokoni. Wala hayakuishia kwako. Wiki hii mjukuu wako Chebet alikuja kutoka mtaa wa Pioneer kunijulia hali, na daftari lake la Gredi ya Nane. Alikuwa ametumia kipenyo mahali pa nusu kipenyo.

"Usishangae, Babu," akaniambia. "Nyumbani wanasema mambo ya duara hayaingii kwa damu yetu."

Damu! Mkono ungekuwa na nguvu ningepiga meza. Nilimweleza kila kitu, wa kwanza kabisa kuambiwa. Akauliza, "Kwa hivyo Babu Kiprop alijua kamba ni ndefu?"

"Alijua. Alijua kabla yangu."

Akavuta daftari akaanza kurekebisha, bila kuniangalia tena.

Mwanangu ananisihi, "Mzee, haya ya zamani yaache, utajiaibisha." Miaka yote hii aibu imekaa nyumbani kwako, na hakuna aliyeona vibaya! Jumapili watanipeleka Cheptiret kwa kiti changu cha magurudumu, nami nitasema mbele ya kanisa lote. Na wale waliocheka nitawataja.

Hata wewe nimekukasirikia. Ungebisha. Ungenipokonya karatasi ile ukawasomea mwenyewe. Lakini ulinitazama na shati langu jeupe la mwalimu, ukaona ni afadhali mmoja wetu abaki na heshima. Ulinichagua mimi. Hukukosea kipimo chochote maishani mwako isipokuwa hicho.

Pumzika, ndugu yangu. Sikuombi unisamehe, maana ungenisamehe upesi mno.

Ni mimi, kaka yako.