Kikohozi cha Vidonge Vipya

Mpendwa mama,

Mwezi uliopita daktari wa hapa Mandewa aliniandikia vidonge vya presha, akaniambia nikiona kikohozi kikavu nirudi haraka. Nilicheka mpaka akaniuliza kulikoni.

Unakumbuka ile miaka ya foleni ya sukari, ulipokubali kujaribiwa dawa mpya pale hospitali? Wanawake wa shamba la ujamaa walikuonya usijifanye panya wa watu. Mganga wa hospitali alikueleza kwamba mwilini kuna kimeng'enya kinachotengeneza kitu cha kubana mishipa ya damu, na vidonge vile vinakizuia. Ukarudi kutueleza kwa kifupi chako, kwamba ndani yako kuna fundi mkorofi na sasa amefungwa mikono. Presha ikashuka kweli.

Kisha ukaanza kukohoa. Wewe uliyemzika dada yako kwa kifua kikuu hukuuliza mtu. Ukatenga kibuyu chako cha uji, ukahamia chumba cha ndama mle mle kwenye nyumba yetu ya tembe, na mwanangu mchanga, niliyempa jina lako, ukakataa hata kumgusa. Nilikuja naye na kanga ya kumbebea. Ukaongea nami mlango umefungwa.

"Mrudishe kwa baba yake. Sitaki nimwachie ugonjwa."

Ee mama, ulinitesa! Makohozi yalipimwa, hayakuwa na kitu, nawe ukasema wamekosea. Na yule mganga wa vidonge ulimficha kikohozi usije ukanyimwa dawa. Mtu mzima, unakohoa nje ya geti la hospitali umalize kabisa ndiyo uingie! Nilikukokota mwenyewe hadi kwake, nikamwambia yote mbele yako. Akashangaa, akasema wapo wengine wawili katika majaribio wanaokohoa vile vile. Akakusimamishia vidonge, akakupa vya zamani.

Kikohozi kikaondoka taratibu. Siku moja nikiwa uani napepeta uwele, ulitoka chumba cha ndama, kanga safi kiunoni, ukanyoosha mikono.

"Nipe somo wangu."

Nilikupa, nikaenda kulia jikoni. Nililia kwa raha, mama. Ulimbeba mpaka akakataa kubebwa, na uzeeni ni yeye aliyekuwa akikukogesha.

Mimi sijakohoa bado. Nikikohoa nitasema siku hiyo hiyo, na wajukuu sitawafungia mlango.

Pumzika kwa amani mama, presha yangu imeshuka.

Mama yake somo wako