Mwambie Daktari wa Meno Una Mimba

Mjukuu wangu Wakesho,

Tangu nisome ujumbe wako hapa Mghange sijatulia. Sisi tu wazima, na ndoa yangu bado ni tamu: babu yako mpya huniletea chai kitandani, na akinitazama moyo unaniruka kama wa msichana. Lakini leo hata yeye hana raha. "Mwandikie upesi," ananihimiza, "asimeze kitu!"

Unauliza kama unaweza kumficha daktari wa meno mimba yako, kwa kuwa haijaonekana na mama mkwe wako atakusindikiza kesho. Mimi nilipoumwa jino nikiwa na mimba changa ya mama yako, mama mkwe wangu alinipeleka Voi. Daktari akauliza, "Mama, una mimba?" Nikakana, maana kwetu mimba changa haitangazwi. Akaanza kuandika dawa. Hofu ikanishika. Nikamwomba mama mkwe anitafutie maji ya kunywa, na alipotoka tu nikanong'ona, "Daktari, ninayo."

Akafuta alichoandika, akaandika dawa nyingine. "Ile ingeweza kumdhuru mtoto," akasema. "Jino tutalitibu, lakini lazima nijue."

Mama mkwe aliporudi alinitazama usoni, akacheka. "Umemwambia? Nilikuwa nangoja unitume nje."

Kesho mwombe daktari mbaki wawili, umwambie kabla hajaandika chochote. Kisha nipigie, tafadhali. Mzee wangu ameshaweka simu katikati yetu, na hakuna anayethubutu kuondoka.

Nyanya yako akupendaye