Kioo Hakiweki Amana

Makomredi wenzangu mliotawanyika,

Leo ni Jumatatu. Jua limechoma tangu asubuhi. Alasiri mawingu yakaja, yakatutazama, yakaenda zao. Naandika dirishani pa chumba changu hapa Buxton, nami najua vyema kwamba hakuna hata mmoja wenu atakayesoma. Mmoja yuko Nakuru, mwingine Kisumu, wa tatu amebadilisha nambari ya simu. Umati uliojaza ngazi za chuo ukaitikia kila nilichosema, leo ni orodha ya majina katika simu isiyolia.

Mimi niliyezoea kusema "sisi", sasa nasema "mimi". Ni neno fupi, lakini linachosha ulimi.

Huu ni mwezi wa pili wa mafunzo yangu ya kazini, katika kampuni ya uwakala wa mizigo kule Shimanzi. Afisi yetu iko orofani mwa ghala. Lori likipita, chai hutetema kikombeni. Seva zimejaa, na Bwana Shee, meneja wetu, alinikabidhi kazi ya kupendekeza data za kampuni zihifadhiwe vipi kuanzia sasa. Niliifurahia kazi hiyo kuliko ilivyostahili. Sikuwa na mtu wa kula naye chakula cha mchana, lakini angalau nilikuwa na hoja.

Leo asubuhi nimeiwasilisha. Tulikuwa wanne: Bwana Shee; Kazungu, fundi wa kompyuta; Bi Rukia wa mtaa wa Kuze, karani wa nyaraka aliyeanza kazi hapo enzi za taipureta; na mimi. Nikasimama, nikajaza pumzi kifuani, na kwa mazoea yaliyonipofusha nikanguruma: "Makomredi!"

Kazungu akaishika meza kwa kicheko.

"Mheshimiwa, polepole! Hapa hakuna mgomo. Hata mawe hatuna."

"Hebu mwache aseme," Bi Rukia akamkemea. "Endelea, mwanangu. Leo hata mie ni komredi."

Nikaendelea. Bwana Shee anataka diski zote ziwe za kasi, zile zisizo na kitu kinachozunguka ndani. Ana haki kwa sehemu, nami nilikiri: diski za kuzunguka hazipatani na mtikisiko, nasi tunaishi juu ya mtikisiko. Ila nilitaka tununue chache za kasi kwa kazi za kila siku, kisha nyaraka zote zinakiliwe kila jioni kwenye tepu, na tepu hizo zitolewe ghalani, ziwekwe mahali pengine.

"Tepu?" akashangaa Bwana Shee. "Kama zile za taarabu za marehemu mama? Na kioo je?"

Kioo ndilo jina ambalo afisi imeipa ile diski ya pili, inayoandika papo hapo kila kinachoandikwa kwenye ya kwanza. Ya kwanza ikifa, ya pili hushika kazi. Kwa hiyo wote wanaamini wana nakala rudufu. Hawana. Nikawaambia: kioo hakiweki amana. Ukinyoa ndevu, nacho kimekwisha kunyoa. Huwezi kukiendea kesho ukakidai ndevu zako.

Kazungu akashika zake kwa hofu. Wakacheka, na kwa dakika moja nikawa tena yule mnayemjua.

Ndipo Bwana Shee akauliza, bila ubaya wowote: "Haya, msomi. Tangu tuweke kioo hicho, kumepotea nini? Nipe mfano mmoja tu."

Nilikuwa nao mfano. Nikaumeza.

Katika wiki yangu ya tatu nilikuwa nikisafisha seva. Nikakuta folda mbili: Mwinyi Haji na Mwenye Haji. Mimi, msomi, nikaamua kwamba ni jina moja lililoandikwa kwa lafudhi mbili, nikaifuta ya pili. Kumbe ni wateja wawili. Nilipotambua, kioo nacho kilikuwa kimetii amri yangu kwa uaminifu wote.

Sikumwambia mtu. Fomu yangu ya mafunzo yasubiri saini ya Bwana Shee.

Tangu siku hiyo Bi Rukia anazitafuta nyaraka za Mwenye Haji. Anaamini hakuziskani kamwe. Amerudi kwenye makabati, anaziskani upya karatasi zilizobaki; nyingine zilikwisha kurudishwa kwa mwenyewe. Wiki iliyopita alivua miwani, akajipangusa mato, kama anavyoyaita macho, akaniambia: "Nadhani nimeanza kusahau, mwanangu. Mamangu naye alianza vivi hivi."

Nikamwambia apumzike.

Basi. Apumzike!

Nimesimama mbele ya wakubwa wa chuo nikadai ukweli uwekwe mezani. Sikuogopa virungu wala barua za kufukuzwa. Leo naogopa mama mmoja mwenye sahani ya mahamri. Na hapo juu nimeandika kwamba sikuwa na mtu wa kula naye. Si kweli. Kila adhuhuri Bi Rukia hunikaribisha mezani pake, nami kila adhuhuri huzua udhuru, kwa kuwa siwezi kumeza tonge mbele ya mtu anayejishuku akili kwa kosa langu. Je, huu upweke ninaowalaumu nyinyi kwa ajili yake, nani hasa aliyeujenga?

Bwana Shee amesema ataidhinisha diski zake za kasi pamoja na kioo, isipokuwa nikimletea mfano.

Kikao cha kuamua ni kesho Jumanne, saa tatu asubuhi, orofani mwa ghala. Nitautoa mfano huo, fomu isainiwe isisainiwe. Lakini Bi Rukia hafai kulisikia jambo hili pamoja na wengine, huku Kazungu akitafuta la kuchekea. Bi Rukia huwatangulia wote kufika, akafungua madirisha kabla vumbi la malori halijaanza.

Mkutano wangu ni naye. Saa mbili kasorobo.