Yule Uliyemtoa Kundini

Dada yangu,

Huku hatujambo, ila nyumba haitulii. Linki zako za kila asubuhi kwenye kundi la mashabiki nazifungua hata kabla sijapiga mswaki, na kile kichekesho cha nahodha wa tamthilia yetu akigombania sufuria kimenivunja mbavu.

Sasa yule Shabiki Mgeni uliyemtoa kundini jana, eti kwa kuwa alicheka nahodha alipokufa, mrudishe basi. Ni mama. Tamthilia yenyewe wala haijui. Tangu mgombane hupokei simu zake, kwa hiyo kila ukituma kitu anajua u mzima, anacheka.

Leo kutwa anazunguka sebuleni: "Dada yako ametuma?"

Nampa simu yangu. Anacheka kabla hajasoma.

Mdogo wako, ninayeitaka simu yangu