Kwa Kocha, Kipa wa Akiba

Kocha wangu,

Shikamoo. Ulisema salamu hii inakuzeesha, lakini leo huwezi kunizuia.

Nakuandikia nikiwa jikoni kwako, hapahapa Al Wukair, huku ughaibuni kwa Waarabu. Vitu vyote vimeingia kwenye maboksi. Binti yako Maya alikuja kukuchukua, mkaondoka na ndege moja kwenda kwenu Slovenia, yeye juu kwenye viti, wewe chini kwenye mizigo, ndani ya sanduku. Hilo la mizigo ndilo linaloniuma. Mtu mrefu vile.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza? Okello, yule askari wa getini, aliniambia, "Shemeji, mzee unayekwenda kumfanyia kazi alikuwa mlinda mlango mkubwa huko Ulaya." Mimi na darasa la saba langu, mpira siujui, nikadhani ulikuwa askari kama yeye. Nikakuletea chai, nikakupa pole kwa Kiingereza changu cha kuokota, maana kusimama getini usiku kucha si mchezo. Ulicheka mpaka goti likakuuma! Ukasema hata kwenu neno ni hilohilo, anayelinda goli na anayelinda geti wote ni *vratar*. Tangu hapo Okello akawa mwenzako. Jana nilipita pale kwenye kibanda chake, hakunitania. Alisema tu, "Mwenzangu kaenda."

Hadithi zako ulinipa nikipiga pasi. Mji wenu mdogo, theluji mpaka magotini, wavulana hawataki kukaa golini kwa baridi, wakakuweka wewe kwa sababu ya urefu. Halafu klabu hii, halafu ile, nchi baada ya nchi, na kote huko kipa wa kwanza alikuwa mtu mwingine. Hata timu ya taifa ulivaa glovu, ukapasha mwili moto, mechi ikaisha uko benchi. Nikakuonea huruma. Ukasema, "Hapana, Hava, benchi halikuniumiza. Maya alikua mimi sipo. Hata nyumbani nilikuwa kipa wa akiba."

Niliendelea kupiga pasi shati lilelile, nisikuoneshe uso.

Siku hiyo ndiyo nilikuambia habari za Zulfa wangu, yuko Tanga kwa mama yangu. Nilimwacha hajaanza kutembea, sasa anaongea kama redio. Anayemwita mama ni bibi yake. Mimi ni mama wa kwenye simu. Akinichoka anamwambia, "Haya mama, mzime."

Juzi yule mama wa ofisi ya wafanyakazi alinipigia. Kuna nyumba nzuri Umm Salal, watoto wawili, niende nikasaini mkataba mpya. Watoto wawili, Kocha. Niwaogeshe, niwalishe, niwabembeleze walale. Nikatoka huku jikoni kuja kukuuliza, nimefika mpaka mlangoni kwako, mkono uko juu nigonge...

Nikarudi. Nikaosha kikombe chako, na kilikuwa safi.

Nimemkatalia. Narudi nyumbani kwa mwanangu. Kazi nitaitafuta hukohuko, hata ya kukaanga mihogo nitafanya, Mungu yupo. Maya kabla hajaondoka alinipa glovu zako zile za njano, akasema, "Baba alisema hizi ni za Zulfa." Kumbe ulishampangia, na mimi hukuniambia! Nimezijaribu, mkono wangu wote unaingia kwenye vidole vitatu.

Ila naogopa, nisikufiche. Mama anasema mtoto akiambiwa mama yako anakuja, anakwenda kuishika simu.

Unakumbuka maziwa yakianza kupanda, nikitaka kukimbilia jiko? Ulikuwa unanipigia kelele kwa Kiswahili nilichokufundisha mwenyewe, "Hava, usiruke mapema!" Ukanieleza kwamba kwenye penalti kipa anayefungwa kirahisi ni yule anayeruka mpira haujapigwa. Maziwa yalimwagika kila mara, na wewe hukukoma kunifundisha, ndiyo maana nikakuita Kocha.

Basi nakuahidi hivi. Zulfa akiniona akajificha nyuma ya kanga ya bibi yake, sitamkimbilia, sitamvuta. Sitaruka mapema. Nitachuchumaa palepale uani, mikono wazi kama ulivyosimama kwenye zile picha zako, mpaka aje mwenyewe.

Pumzika, Kocha. Huko uliko usikae tena benchi.

Hava wako